Unajua Kabisa Lililo Jema, Mbona Hubadiliki?

Kijana mwenzangu, karibu tutafakari pamoja jambo linalotugusa wengi, hasa sisi tulioanza kazi na ninyi mnaojiandaa kuanza.

Mwalimu anajua kabisa kwamba kumtukana mtoto mbele ya wenzake kunamfanya aichukie shule. Amelisoma hilo chuoni na mtihani wake akafaulu. Lakini leo asubuhi amemtukana. Dereva anajua mwendo unaotakiwa, na ajali ameziona kwa macho yake. Bado anakanyaga mafuta. Karani anajua kwamba yule mzee aliyekaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi ametoka mbali, na faili lake liko pale mezani, linasubiri sahihi tu. Bado anamwambia, "Njoo kesho." Hawa si watu wabaya. Jumapili tunawaona kanisani, wengine wanaimba kwaya. Sasa shida ni nini?

Kwa kawaida tuna majibu mawili. La kwanza: hawajui, basi waitiwe semina. La pili: wanajua ila ni wakaidi, basi wapewe barua ya onyo. Majibu yote mawili yana ukweli ndani yake. Lakini angalia: semina zimefanyika, barua zimeandikwa, na mambo yako palepale. Mtume Paulo naye alilia kilio hikihiki katika Waraka kwa Warumi, sura ya 7: jema analolitaka halitendi, na baya asilolitaka ndilo analolitenda. Kama Paulo alisumbuka hivyo, mimi na wewe ni nani?

Watu waliosomea saikolojia wamelichunguza swali hili kwa miaka mingi. Mahali walipolichunguza sana ni hospitalini, kwenye kitendo kidogo ambacho hakuna asiyekifahamu: kunawa mikono. Tukifuate kitendo hicho, kisha turudi kwenye kazi zetu.

Ukweli uliouma

Katikati ya karne ya 19, katika Hospitali Kuu ya Vienna, Austria, kulikuwa na wodi mbili za uzazi. Ya kwanza ilihudumiwa na madaktari na wanafunzi wao, ya pili na wakunga. Kumbe akina mama wa wodi ya madaktari walikuwa wanakufa kwa homa ya uzazi kuliko wale wa wakunga, tena kwa tofauti kubwa. Mjini ilijulikana. Wapo waliolia wasipelekwe wodi ya kwanza.

Daktari mmoja kijana, Ignaz Semmelweis, mzaliwa wa Hungaria, hakuweza kuyazoea mambo hayo. Mwaka 1847 rafiki yake Jakob Kolletschka, aliyekuwa profesa, alijeruhiwa kwa kisu wakati wa kupasua maiti, akaugua na kufa. Semmelweis aliposoma taarifa ya ugonjwa wake akaona unafanana na ule unaowaua akina mama. Hapo akaelewa: madaktari na wanafunzi walikuwa wanatoka kupasua maiti, wanakwenda moja kwa moja kuwazalisha wanawake, na mikono yao ilibeba kitu kutoka kwenye maiti. Katikati ya Mei 1847 akaagiza kila mtu aoshe mikono kwa maji yenye chokaa ya klorini. Aprili walikuwa wanakufa takriban akina mama 18 katika kila 100. Kufikia Juni walikuwa kama 2.

Ungetegemea madaktari wafurahi, si ndiyo? Wapo waliokubali. Lakini wakubwa wengi walikataa, na dawa ile haikuenea. Tuwatendee haki: wakati huo habari za vijidudu zilikuwa bado hazijathibitishwa, na Semmelweis hakuweza kueleza vizuri ni kitu gani hasa kinabebwa mikononi. Lakini chini ya hoja za kitaalamu kulikuwa na jambo lingine. Kukubali maelezo yake kulimaanisha daktari akubali kwamba mikono yake mwenyewe, mikono aliyoitumia kuokoa, ndiyo iliyoua. Nani anaweza kulimeza hilo kirahisi?

Mwaka 1957 mwanasaikolojia Mmarekani Leon Festinger aliandika kitabu kuhusu jambo hili. Mtu akiwa na mawazo mawili yanayogombana ndani yake, kwa mfano "mimi ni mtu mwema" na "nilichofanya kimemuumiza mtu", anapata usumbufu wa moyo na anatafuta namna ya kuuondoa. Njia moja ni kubadilika. Njia nyingine, ambayo mara nyingi ni nyepesi zaidi, ni kubadilisha maelezo: "Hata hivyo mtoto mwenyewe ni mtundu." "Barabara ilikuwa tupu." "Mzee angekuja mapema." Wazee wetu walisema kwa kifupi: nyani haoni kundule.

Kwa hiyo, ndugu yangu, mara nyingi tunashindwa kubadilika kwa sababu tunataka kubaki wazuri machoni petu wenyewe. Huo ndio moyo wa jambo ninalotaka tulitafakari. Macho yangu yakiwa yamenikazia mimi, jinsi ninavyoonekana, heshima yangu, cheo changu, basi kila anayenionyesha kosa ni adui.

Ukweli bila huruma

Kuna mtu mwingine katika historia hii. Gustav Adolf Michaelis alikuwa daktari wa uzazi kule Kiel, Ujerumani. Yeye aliposikia habari za Vienna hakukataa. Alikubali, akaanza kuosha mikono kwa klorini, na akaona faida yake. Lakini ndugu yake, binamu aliyemhudumia mwenyewe, alikuwa amekufa kwa homa hiyohiyo. Alipoelewa kwamba huenda ni yeye aliyempelekea ugonjwa, mzigo ulimwelemea. Mwaka 1848 alijitoa uhai.

Soma tena taratibu. Mmoja anakataa ukweli ili aishi. Mwingine anaupokea ukweli, nao unamvunja. Tusimhukumu, Kanisa linatufundisha tusikate tamaa juu ya wokovu wa watu waliokufa namna hiyo, bali tuwaombee. (Na kama wewe unayesoma hapa unabeba mzigo wa aina hiyo, tafadhali usiubebe peke yako. Leo hiihii zungumza na mtu unayemwamini: padre, mzazi, rafiki, daktari.) Lakini tunajifunza kitu. Mtu anahitaji kuambiwa ukweli, na anahitaji pia mahali pa kuupeleka. Pasipokuwa na huruma, mwanadamu anabaki na njia mbili mbaya: kujidanganya au kukata tamaa.

Na namna ya kuusema ukweli ina uzito wake. Semmelweis alichelewa sana kuandika. Kitabu chake kilitoka mwaka 1861. Alipopingwa akaandika barua za wazi akiwaita baadhi ya wapinzani wake wauaji. Alikuwa na uchungu wa haki, maana wanawake walikuwa wanaendelea kufa. Lakini mtu ukishamwita muuaji hadharani, umemfungia mlango wa kurudi. Semmelweis mwenyewe alikufa mwaka 1865 katika hospitali ya wagonjwa wa akili, akiwa na miaka 47, kabla dunia haijamkubali. Bwana wetu katika Mathayo 18 anatuagiza tuanze kwa kwenda kwa ndugu aliyekosa, mimi na yeye peke yetu. Huo si woga. Ni kumwachia mwenzako nafasi ya kubadilika bila kuvuliwa nguo mbele za watu.

Kumtazama mwingine

Sasa tuone kinachosaidia. Mwaka 2011 watafiti wawili, Adam Grant na David Hofmann, walichapisha utafiti waliofanya katika hospitali moja ya Marekani. Waliweka mabango karibu na sabuni na dawa ya kutakasa mikono. Bango moja lilimkumbusha mhudumu kwamba kunawa kunamkinga yeye asipate magonjwa. Lingine lilikuwa karibu sawa na hilo, ila lilisema kunawa kunawakinga wagonjwa. Tofauti ilikuwa ya neno moja tu. Matokeo? Bango lililomtaja mhudumu mwenyewe halikubadilisha kitu cha maana. Pale palipotajwa wagonjwa, matumizi ya sabuni na dawa yaliongezeka sana.

Kwa nini? Maelezo yao ni kwamba wahudumu wa afya wamezoea kuwa karibu na magonjwa bila kuugua, kwa hiyo kila mmoja anajiona yuko salama: "Mimi sipati." Lakini akikumbushwa mgonjwa, hawezi kusema hivyo, maana anamwona jinsi alivyo dhaifu pale kitandani.

Tumezoea kufikiri kwamba binadamu anasukumwa na faida yake tu. Kumbe ndani ya watu hawa upendo kwa jirani ulikuwepo tayari, ulihitaji kuamshwa. Nasi tulioumbwa kwa mfano wa Mungu tusishangae. Karani akiacha kujiuliza "nitapata nini?" akamtazama yule mzee kwenye benchi, nauli aliyokopa, njaa aliyonayo, mkono utaikuta kalamu wenyewe.

Je, huo bado ni wema?

Hapa mtu anaweza kuuliza swali zito. Tuchukue mfano wa Geneva, Uswisi. Katika hospitali kuu ya pale, Daktari Didier Pittet na wenzake waligundua mwaka 1994 kwamba wahudumu walitakasa mikono chini ya nusu ya mara walizopaswa. Tena madaktari, waliosoma zaidi, walikuwa nyuma ya wauguzi! Watafiti walipochunguza wakaona kwamba muuguzi mwenye wagonjwa wengi akitembea hadi kwenye sinki kila mara, muda mwingi wa zamu ungeishia hapo. Basi wakaleta dawa ya spiriti ya kupaka mikononi, ikawekwa kando ya kitanda na hata mifukoni mwa wahudumu. Wakabandika mabango yaliyobuniwa pamoja na wahudumu wenyewe, na wakubwa wa hospitali wakaunga mkono. Kutoka asilimia 48 mwaka 1994, wakafika asilimia 66 mwaka 1997, na maambukizi ndani ya hospitali yakapungua.

Sasa swali: kama kilichombadilisha muuguzi ni chupa kuwekwa karibu, wema wake uko wapi? Si amepangwa tu kama mashine? Kuna vijana wanaosema fadhila ya kweli ni ile ya kushindana na nafsi yako mwenyewe bila msaada wowote. Yaani kama sikutoka jasho, sikutenda jema.

Mimi sikubaliani nao, na sababu yangu ni ya kikatoliki kabisa. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba neema haiuharibu ubinadamu wetu, bali inaukamilisha. Mungu hatuokoi kwa kutufanya malaika wasio na miili. Tuna mwili unaochoka, macho yanayosahau, miguu inayofuata njia fupi. Tomaso alifundisha pia kwamba fadhila ni mazoea mema, na mengi tunayajenga kwa kutenda tena na tena mpaka jema likawa jepesi. Kwa hiyo wepesi si dalili ya wema wa bandia. Mara nyingi wepesi ndio wema uliokomaa. Na busara, ambayo ni fadhila mama kati ya zile nne kuu, kazi yake ni kupanga njia ya kulifikia jema.

Ndiyo maana tukitubu tunafundishwa kuepuka nafasi za dhambi. Mtunza fedha anayeomba ofisi iweke sahihi mbili kwenye kila malipo hakiri kwamba yeye ni mwizi. Anakiri kwamba yeye ni binadamu. Huo ni unyenyekevu, na unyenyekevu unaanza pale ninapoacha kujihesabu mwenye nguvu kuliko nilivyo.

Lakini chupa haitoshi. Asilimia 66 si 100. Wapo waliokuwa na dawa mfukoni na bado hawakuitumia. Mazingira yanafungua mlango, kuingia ni juu yangu. Mwanasaikolojia Susan Michie wa London na wenzake waliliweka vizuri mwaka 2011 waliposema tabia inahitaji mambo matatu kwa pamoja: uwezo, nafasi na msukumo. Semina inaleta uwezo. Mpangilio wa kazi unaleta nafasi. Msukumo unatoka moyoni, na moyo ndipo Mungu anapobisha hodi.

Ifakara

Mfano wa mwisho ni wa kwetu. Kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008, Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha fupi ya kuhakiki kabla, wakati na baada ya upasuaji, katika hospitali 8 duniani. Zilikuwepo za London, Toronto na Seattle. Na ilikuwepo Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara, Tanzania, hospitali ya Kanisa.

Orodha ilikuwa na mambo 19 tu. Kabla ya dawa ya usingizi, hakikisha huyu ndiye mgonjwa, na sehemu ya kupasua ndiyo hii. Kabla ya kisu kugusa ngozi, kila mmoja ndani ya chumba ajitambulishe kwa jina na kazi yake. Kabla mgonjwa hajatolewa, vifaa na vitambaa vihesabiwe, kisibaki kitu tumboni. Mambo ambayo kila daktari anayajua tangu chuo. Lakini sasa yalisemwa kwa sauti, na muuguzi alikuwa na ruhusa ya kusema, "Samahani daktari, bado hatujahesabu." Kwa hospitali zote 8 pamoja, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7.

Sikiliza hili. Baadaye wahudumu waliulizwa maoni. Takriban 1 kati ya 5 aliona orodha inachukua muda mrefu. Lakini walipoulizwa, "Kama wewe ndiye unayepasuliwa, ungependa itumike?" zaidi ya 9 kati ya 10 walisema ndiyo. Usumbufu wa kazini ukabadilika sura mara tu mtu alipojiweka kitandani mahali pa mgonjwa. Kanuni ya Bwana katika Mathayo 7:12, kuwatendea wengine tunayotaka tutendewe, tumeikariri tangu Komunyo ya Kwanza. Hapo unaiona ikifanya kazi.

Na tena, hakuna aliyebadilika peke yake. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kijana mpya anapofika kazini anaambiwa, "Hapa sisi tunafanya hivi," na methali inamsukuma: ukenda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Usilivunje. Lakini pia usijitie ushujaa wa kubaki peke yako. Tafuta mmoja tu mnayefanana nia, muwe na ruhusa ya kukumbushana.

Tufanye nini wiki hii?

Chagua tendo moja tu katika kazi yako, au masomo yako, ambalo unajua halifai. Moja, si kumi.

Jiulize: analilipia nani? Usijibu "wateja" au "wanafunzi". Tafuta sura ya mtu mmoja, mwombee kwa jina kila asubuhi kabla ya kuanza kazi.

Angalia njia inayokufikisha kwenye kosa, kisha badilisha kitu kinachoshikika. Simu iache kwenye droo. Faili la aliyefika kwanza liweke juu. Kama hasira inakuja kipindi cha mwisho, panga kazi nyepesi kipindi hicho.

Mwombe mwenzako mmoja akukumbushe, na umwahidi mapema kwamba hutakasirika. Akikukumbusha, mwambie asante, hata kama inauma.

Na ukianguka, nenda kwenye Kitubio. Kumbuka Petro. Alimkana Bwana mara tatu. Yesu mfufuka, pale kando ya ziwa, hakumfanyia kesi. Alimuuliza mara tatu kama anampenda, na kila alipojibu akampa kazi: kulisha kondoo. Petro aliupokea ukweli wote juu yake, akarudishiwa kazi yake, na macho yake yakaelekezwa kwa kondoo. Huko ndiko tunakoitwa mimi na wewe kesho asubuhi tutakapofungua mlango wa ofisi, darasa, wodi au karakana.

Tusali: Ee Bwana Yesu, unijalie kuuona ukweli juu yangu bila kuukimbia, na kuiona huruma yako bila kuitilia shaka. Uelekeze macho yangu kwa wale unaowaweka mikononi mwangu. Unipe mwenzangu wa kunikumbusha, na moyo wa kumsikiliza. Amina.

Wiki njema ya kazi, na Mungu akubariki.